Mto Unaorudi Nyuma: Wanandoa wa Nyanda za Juu katika Boti ya Pangani

Mvua inayonyesha Nambis na sehemu kubwa ya Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, haifiki baharini. Maji yake huteremkia Bonde la Ufa na kuishia katika mabonde yaliyofungwa, yaani yasiyo na mto wa kuyatoa maji nje, kama vile ya maziwa Manyara, Eyasi na Balangida, ambako jua huyakausha na kuacha magadi na chumvi. Kwa sababu hiyo, mtu aliyekulia huko huujua mto kuwa ni kitu kinachoshuka daima na kisichogeuka, na mazoea hayo ndiyo yanayompotosha anapofika pwani na mwenzi wake kwa ajili ya fungate, neno ambalo asili yake ni siku saba za mapumziko ya maharusi, na kukodi boti ya mashine ili watembee katika Mto Pangani.

Mto huo hupokea maji ya miteremko ya Kilimanjaro na Meru, huyakusanya katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo upande wake wa magharibi umo Simanjiro, katika mkoa uleule wa Manyara, kisha huzungusha mitambo ya umeme ya Hale, iliyoanza mwaka 1964, na ya Maporomoko ya Pangani, iliyojengwa upya mwaka 1995 ikiwa na uwezo wa megawati 68, kabla ya kupita katikati ya minazi na mikoko hadi mlangoni, baina ya mji wa Pangani na kijiji cha Bweni. Katika mji huo ndiko yalikoanza mapambano ya mwaka 1888 dhidi ya Wajerumani, na ndiko Abushiri bin Salim, kiongozi wa mapambano hayo, alikonyongwa tarehe 15 Desemba 1889.

Karibu na mlango wake, hata hivyo, mto hautawaliwi tena na mteremko, bali na bahari. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa takribani saa 24 na dakika 50, kwa kuwa mwezi huivuta bahari na mwezi wenyewe husogea kila siku, na ndiyo maana maji yaliyojaa leo saa nane mchana yatajaa kesho karibu na saa tisa. Anayesimama gatini anaweza kuyaona hayo bila chombo chochote: makumbi ya nazi na vipande vya povu huelea kuelekea baharini, hupunguza mwendo, husimama mahali pamoja yakizungukazunguka kana kwamba yamesahau njia, kisha huanza kupanda mto, kuelekea yalikotoka. Kwa mtu wa Nambis hakuna jambo la ajabu zaidi pwani nzima kuliko hilo, na inafaa wanandoa walisubiri na kulitazama kabla hawajapanda boti.

Ukubwa wa mabadiliko hayo haulingani siku zote. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, yaani maji makubwa, ambapo tofauti baina ya kujaa na kupwa katika pwani ya Tanzania hufikia mita 3 na zaidi, ilhali mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Hapa pana kanuni yenye manufaa kwa mpangaji wa safari, nayo ni kwamba siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, wakati siku za maji mafu saa hizo hugeuzwa kinyume chake.

Kanuni hiyo ina uzito kwa sababu safari mbili zinazopendwa na wapendanao Pangani zinataka maji ya aina mbili. Safari ya mtoni hutaka maji yaliyojaa, ili boti iingie katika vijito vilivyopita ndani ya mikoko bila mashine kugusa tope; maji yakipwa, nahodha hulazimika kuinyanyua mashine na kushika upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo. Safari ya kwenda kisiwa cha Maziwe hutaka maji yaliyopwa, kwa kuwa kisiwa hicho, kilichokuwa na mivinje hadi miaka ya 1970, sasa ni fungu la mchanga mtupu linalofunikwa maji yanapojaa, na ndiyo sababu mayai ya kasa yanayotagwa hapo huhamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yasizame. Siku ya bamvua, basi, wawili wanaweza kuwa Maziwe asubuhi na mtoni alasiri, jambo ambalo maji mafu hayaliruhusu kwa ukamilifu.

Hatari kubwa ipo mlangoni. Maji yanapopwa kwa kasi huku kusi, upepo unaotawala takribani kuanzia Aprili hadi Septemba, ukivuma kutoka baharini, mkondo na upepo hukutana uso kwa uso na kuinua mawimbi mafupi, yaliyosimama wima, yenye uwezo wa kuijaza maji boti ndogo ya faiba hata mashine yake ikiwa na nguvu. Nahodha anayekataa kutoka saa hiyo anastahili shukrani, si lawama. Ni haki ya abiria kudai jaketi okozi na kulivaa, si kulikalia, na ni haki yake pia kupanda chombo kilichokaguliwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lenye jukumu la usalama wa vyombo vya majini. Mamba wamo mtoni, kwa hiyo mkono hauburuzwi majini hata boti ikiwa inakwenda polepole.

Ndani zaidi, wanandoa wataona mikoko ikiwa imesimama juu ya mizizi yake kama watu waliopandisha nguo kuvuka maji, na wataona pia minazi iliyodhoofika. Maji matamu yanayoshuka yamepungua kwa sababu ya umwagiliaji na mabwawa ya juu, hivyo maji ya chumvi hupanda mto na kuharibu mashamba ya kandokando, maumivu ambayo mkulima wa Mbulu, anayejua thamani ya kijito, atayaelewa upesi kuliko mgeni yeyote.

Wanandoa wa Mbulu na Hanang wanaopanga kwenda huko wanaombwa, kabla ya kukata tiketi za basi la kupitia Arusha na Muheza, watazame mwezi utakuwaje juma hilo, na wakifika gatini wamuulize nahodha kwanza maji yanajaa saa ngapi, ndipo wamuulize bei.