Parachichi la Njombe: uendelevu uanzie kwa mkulima

Makambako ni njia panda. Barabara inayotoka Songea kupitia Njombe hukutana hapo na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita hapohapo. Mji uliozoea mbao, viazi na mahindi sasa unapitisha mzigo usiovumilia kuchelewa: parachichi aina ya Hass. Novemba 2022 Tanzania na China zilikubaliana kulifungulia tunda hili soko la China, na wakulima wengi wa nyanda za juu wakazidi kupanda miche.

Soko limepanuka, lakini je, biashara hii itadumu? Mwaka 2008 watafiti Stefan Seuring na Martin Müller walipitia makala 191 za kitaaluma kuhusu uendelevu wa minyororo ya ugavi. Walikuta nyingi zinahusu mazingira, huku masuala ya kijamii yakiguswa kwa nadra. Pengo hilo tunaliona Njombe: tunazungumzia sana makontena na vyeti, na kidogo mno anachobaki nacho mkulima.

Chukua suala la ukomavu. Hass haliivi likiwa mtini; hulainika baada ya kuchumwa, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Mpimaji hukata kipande cha nyama ya tunda, hukipima uzito, hukikausha mpaka uzito usishuke tena, kisha hulinganisha uzito wa mwisho na wa mwanzo; asilimia inayobaki ndiyo ukavu wa tunda. Ulaya inataka Hass liwe na angalau asilimia 21 ya ukavu. Lililochumwa changa husinyaa na kuwa kama mpira, na mnunuzi aliyeuziwa hilo harudi tena.

Kwa nini basi linachumwa changa? Dalali huja mapema na fedha taslimu wakati ada ya shule inadaiwa, naye mkulima hana kipimo wala mnunuzi mwingine. Kumlaumu mkulima hakutasaidia. Kenya husimamisha kwa muda usafirishaji wa Hass kwa meli wakati matunda hayajakomaa. Hatua kama hiyo inahitaji kwenda pamoja na mikopo midogo ya msimu, la sivyo mkulima ndiye atakayeumia.

Baada ya kuchumwa, saa zinahesabika. Tunda huendelea kupumua ndani ya kreti, na jua la mchana huliivisha kabla halijafika kwenye kontena la jokofu, linaloendeshwa kwa nyuzi joto 5 au 6 hivi. Kuanzia mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalilazimisha meli nyingi ziendazo Ulaya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ziliongezeka kwa wiki moja hadi mbili. Tunda lililocheleweshwa shambani haliwezi kustahimili safari ndefu kama hiyo. Likioza, maji, mbolea na dizeli vyote vimepotea nalo.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza miche, halmashauri, vyama vya ushirika na wanunuzi waweke kipimo cha ukomavu na chumba cha baridi karibu na mashamba, na mkulima aonyeshwe matokeo na kulipwa kwa daraja la tunda lake. Mnyororo usiomlipa anayeuanzisha hauwezi kuitwa endelevu.