Homa Iliyomfuata Mtu wa Kinango

Mtu wa Kinango apatapo kazi Nairobi au Limuru huona ya kuwa ameiacha malaria nyuma, pamoja na mbu wa malambo ya kwao. Kisha, baada ya miezi kadhaa, mwili wamtetemeka, kichwa chamwuma na jasho lamtoka. Jirani zake husema ni baridi ya bara. Wa nyumbani, wapatapo habari, pengine husema amerogwa. Ni wachache wamkumbukao mbu aliyemwuma Kwale kabla hajaondoka.

Vijidudu vya malaria si vya namna moja. Vile vikali, viitwavyo falsiparamu, ndivyo vilivyo vingi pwani, na kwa kawaida humwangusha mtu katika muda wa mwezi mmoja hata mitatu. Lakini aliyekulia penye malaria ana kinga mwilini, nayo huweza kuvizuia muda mrefu zaidi pasipo yeye kujua. Akikaa mbali kinga hiyo hupungua, na hapo homa huzuka. Namna nyingine, iitwayo ovale, hujificha ndani ya ini na kulala kama mbegu ingojayo mvua, miezi mingi, pengine mwaka na zaidi.

Maficho hayo yaliwasumbua wataalamu miaka mingi. Daktari P. C. C. Garnham, aliyetumikia Kenya tangu miaka ya 1920, aliviona vijidudu vya jamaa hiyo katika maini ya kima mwaka 1947. Mwaka 1948, huko Uingereza, yeye na H. E. Shortt wakavikuta katika ini la binadamu. Vile vilalavyo havikutambulikana waziwazi mpaka miaka ya 1980.

Dawa ya kawaida huua vijidudu vya damu, bali vilalavyo haivigusi. Hivyo hutibiwa kwa primakwini, nayo ni kwa amri ya daktari tu, maana wako watu, na pwani si haba, ambao damu yao hudhurika nayo vibaya.

Hatari kubwa ni mgonjwa kunyamaza. Daktari wa mahali pa baridi huenda asiifikirie malaria asipoambiwa. Basi mgonjwa na aseme ametoka wapi na lini, na damu yake ipimwe siku ile ile. Naye arudipo Kinango kwa likizo, na alale ndani ya chandarua kama mgeni, hata ndugu zake wakimcheka.