Je, Nchi Zaidi za Kiislamu Zitasaini Makubaliano ya Abraham?

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Kila viongozi wa Saudia na Marekani wanapokutana, simu huku visiwani hujaa ujumbe kuwa Saudia imeshasaini na Israel. Ndugu hugombana barazani, na sheikh aliyesomea Madina hutiwa maneno kwa jambo asilolijua. Basi tueleze jambo lilivyo.

Makubaliano yenyewe

Tarehe 15 Septemba 2020, mjini Washington, Imarati na Bahrain zilisaini kuanzisha uhusiano wa kibalozi na Israel. Disemba mwaka huo ikafuata Morocco, na Januari 2021 Sudan ikatia saini tamko lake. Kabla yao Misri ilisaini mkataba wa amani mwaka 1979 na Jordan mwaka 1994. Novemba 2025 Kazakhstan ikatangazwa kujiunga, ingawa ilikuwa na uhusiano na Israel tangu 1992.

Vipi tupime yajayo?

Kwanza, tutazame kila nchi ilipewa nini. Marekani iliitambulia Morocco mamlaka juu ya Sahara Magharibi. Sudan iliondolewa kwenye orodha ya nchi zinazodaiwa kufadhili ugaidi. Serikali haziingii humu kwa mapenzi. Zinaingia kwa haja zao. Kwa hiyo tuulize: nani ana haja ambayo Marekani iko tayari kuitimiza?

Pili, tutazame masharti. Mwaka 2002, mjini Beirut, nchi za Kiarabu ziliukubali mpango ulioletwa na Saudia: Israel iondoke katika ardhi ilizozikalia mwaka 1967, iwepo dola ya Palestina yenye mji mkuu wake Jerusalem Mashariki, ndipo uhusiano ufuate. Septemba 2023 Mwanamfalme Muhammad bin Salman alisema kuwa kila siku wanazidi kukaribia. Haukupita mwezi, vikaanza vita vya Gaza. Novemba 2025, akiwa Washington, alisema wanataka kujiunga lakini lazima iwepo njia ya wazi ya kufikia dola mbili. Upande wa pili, bunge la Israel lilipiga kura Julai 2024 kuikataa dola ya Palestina. Maadamu pande hizi zimesimama hapo, saini iko mbali.

Tatu, tutazame mwenendo wa kila nchi. Kuwait ina sheria ya kuisusia Israel tangu 1964. Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, ilimpokea Waziri Mkuu wa Israel mwaka 2018 na ikafungua anga yake kwa ndege zake za abiria mwaka 2023, lakini haikusaini. Na saini nayo hutenguka: Mauritania ilianzisha uhusiano kamili mwaka 1999, ikausimamisha mwaka 2009 baada ya vita vya Gaza, kisha ikaukata.

Kwa dalili hizi, tunaona kuwa nchi zilizo mbali na Palestina, hasa zenye uhusiano na Israel tayari, ndizo zilizo karibu zaidi kuongezeka. Saudia hatuioni ikisaini bila ya kupatikana jambo la maana kwa Wapalestina. Hii ni dhana yetu, na hali ikibadilika nayo itabadilika.

Hukumu zinazotuhusu

Kukadiria kwa dalili, kama nahodha anavyotazama upepo, hakuna ubaya. Kudai kujua ghaibu ndiko kulikoharamishwa.

Wapo vijana wanaoweka pesa mtandaoni kubahatisha nchi gani itasaini na lini. Hiyo ni kamari, hata ikipewa jina jingine, na makatazo yake yamo katika Suratul Maidah, aya ya 90. Na hapa pana ubaya juu ya ubaya, kwani mtu anatafuta faida katika msiba wa ndugu zake.

Ama ujumbe wa simu, Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakiki habari ili tusiwadhuru watu kwa kutojua. Usisambaze usilolithibitisha, wala usimhukumu Muislamu kwa saini ya serikali ambayo hakuulizwa.

Tuwaombee dua na tuwasaidie watu wa Palestina kwa njia zilizo halali.

Wallahu a'lam.