Tovuti Inaposomwa kwa Vidole na Masikio

Juni 1999, ukiwa umebaki mwaka na ushei Michezo ya Olimpiki ianze Sydney, Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, aliwasilisha malalamiko kwenye tume ya haki za binadamu ya nchi yake. Kompyuta yake iliunganishwa na kifaa kinachoinua nukta nundu chini ya vidole, na kwa njia hiyo tovuti ya michezo ilimshinda: picha hazikuwa na maelezo ya maneno, ukurasa wa ratiba haukumfikisha kwenye orodha ya michezo, na majedwali ya matokeo hayakusomeka.

Waandaaji walijitetea kwa gharama. Walidai marekebisho yangemchukua mtu mmoja siku 368 na kuhitaji dola milioni 2.2 za Australia. Mashahidi wa kitaalamu wakasema timu ndogo ingemaliza kwa wiki nne. Agosti 2000 tume ilimpa Maguire ushindi, na marekebisho yalipochelewa, waandaaji wakaamriwa kumlipa fidia ya dola 20,000.

Utetezi wa gharama haujaisha maofisini, ingawa sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kuvipa vitu majina. Programu ya kusoma skrini haitazami ukurasa kama jicho litazamavyo. Hufuata msimbo ulio nyuma yake na kutamka inachokikuta. Kitufe chenye mchoro wa bahasha, kisichoandikiwa jina, kitatamkwa "kitufe", basi. Kwenye fomu ya maombi ya kazi, kisanduku kisichounganishwa na maneno "namba ya simu" kinamwacha mwombaji akibahatisha, na mtu mwenye sifa zote anakwama hapo.

Tovuti za Kiswahili zina kasoro yake ya pekee. Mwanzoni mwa msimbo wa kila ukurasa huwekwa alama ya lugha: "sw" kwa Kiswahili, "en" kwa Kiingereza. Mtengenezaji akichukua kiolezo cha Kiingereza, akabadilisha maneno na kuisahau alama hiyo, programu itasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. "Pale" inakuwa "peil", "wake" inakuwa "weik", na habari nzima inageuka makelele. Si kwamba sauti ya Kiswahili haipo. NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, aliyeungana baadaye na mwenzake James Teh, naye asiyeona, inakuja nayo. Herufi mbili tu ndizo zinazokosekana.

Wanaoona nao hawajasalimika. Miongozo ya kimataifa ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe, yanayopendwa sana na wabunifu, humtesa mzee mwenye mtoto wa jicho, na hata kijana anayesoma simu kituoni jua likiwaka.

Kenya ilishapitisha mwaka 2022 kiwango chake cha kitaifa cha ufikivu wa bidhaa na huduma za kidijitali, KS 2952. Mwenye tovuti anaweza kuanza leo hii, kwa dakika chache: aweke kando kipanya, apitie kurasa zake kwa kitufe cha Tab peke yake, na ajaribu kujaza fomu yake mwenyewe hadi mwisho. Atakapokwama, hapo ndipo mafundi waanzie.