Boti nne zatosha: kwa anayeanza mchezo wa vita vya majini

Mwaka jana nilitaka kumfundisha mdogo wangu mchezo wa vita vya majini, nikakosea tangu mwanzo. Nilimpangia mezani mapigano ya Jutland ya tarehe 31 Mei 1916: meli thelathini na kitu za katoni, nilizokata kwa mkono wangu. Siku yenyewe, katika Bahari ya Kaskazini, zilikuwapo takriban 250. Kufika zamu ya tatu hakujua tena zipi zake, zipi zangu. Akasema anaenda kuchota maji, na hakurudi.

Kwa wasioujua: ni mchezo wa watu wawili au zaidi. Kila mmoja ana sanamu ndogo za manowari, anazisogeza kwa rula kulingana na mwendo wa meli ya kweli, anapima umbali, kisha dadu zinaamua kama mzinga umepiga au umekosa. Sheria zipo za kila aina. Mwingereza Fred T. Jane alitoa zake mwaka 1898.

Anayeanza huuliza kwanza: ninunue meli zipi? Nami sasa namjibu: chagua mapigano kwanza, meli zitajileta zenyewe. Na chagua mapigano ambayo unaweza kuijua kila chombo kwa tabia yake. Sisi tunayo karibu, kwenye Ziwa Tanganyika.

Mwishoni mwa mwaka 1915 Waingereza walifikisha Lukuga, karibu na Kalemie ya leo, boti mbili za injini zenye urefu wa mita 12 hivi. Kila moja ilikuwa na mzinga mdogo mbele na bombomu nyuma. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, aliziita Mimi na Toutou. Tarehe 26 Desemba ziliikabili Kingani ya Wajerumani, ambayo mzinga wake uliweza kupiga mbele tu. Boti ndogo zikakwepa mdomo wake, zikaipiga, zikaiteka. Ikatengenezwa, ikapewa jina Fifi na mzinga mkubwa kuliko umbo lake: kila ulipolia, boti ilisimama kwa kishindo chake. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi ziliifukuza Hedwig von Wissmann. Fifi haikuweza kuifikia. Mimi, yenye mbio, ikaichokoza kutoka nyuma mpaka Hedwig ikalazimika kugeuka ili mizinga yake ya mbele ijibu. Kila ilipogeuka ilipoteza nafasi, na Fifi ikasogea hadi ikaizamisha.

Hapo mwanafunzi wa mchezo anapata karibu kila kitu: mwendo, uelekeo wa mzinga, uzito wa risasi. Tena sanamu ni nne tu, maana Kingani ya Desemba ndiyo Fifi ya Februari, unabadilisha bendera. Atakutamanisha huyo mwingine, Graf von Götzen, mwenye mita 71, aliyekuwa mkubwa kuliko wote ziwani. Mwache. Hakupigana na Mimi hata siku moja. Wajerumani wenyewe walimzamisha Julai 1916, akaja kuinuliwa, na ndiye MV Liemba.

Sasa kipimo. Sanamu za madini zinazouzwa Ulaya huwa za 1/1200, 1/2400, 1/3000 na kadhalika. Fanya hesabu kabla ya kutoa pesa: kwa 1/3000 Mimi ni milimita 4, punje ya mchele inaishinda. Kwa 1/1200 ni sentimita moja. Kwa 1/600 ni sentimita 2, na hiyo ndiyo ninayoishauri kwa ziwa. Kwa Jutland ni kinyume: manowari ya mita 160 kwa 1/600 ingekuwa sentimita 27, nawe una meza moja. Usitumie kipimo hicho hicho kwa umbali, lakini. Mita 2000 kwa 1/600 ni zaidi ya mita 3, utapiga risasi kutoka chumbani hadi uani. Umbali upewe kipimo chake, kwa mfano 1/3000, na macho yazoee. Na usinunue chochote mpaka umecheza mara tatu na katoni na njiti za kiberiti.

Tulicheza kwa Kiswahili, na hapa kitivo chetu kitanisamehe. Manowari ni neno la Kiingereza lililokwisha kuvaa kanzu. Omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, tulivitoa kwenye kamusi, na mdogo wangu akavikataa. Lakini Mimi ilitufurahisha. “Mimi nimezama” na “Mimi imezama” ni habari mbili tofauti kabisa, na kinachozitenganisha ni kiambishi kimoja tu. Nilikuwa nimefundishwa upatanisho wa ngeli miaka miwili. Sikuwahi kuuhitaji namna ile.

Mchezo wa pili ulipokwisha, Hedwig ikiwa chini ya meza, mdogo wangu aliniuliza: “Yaya, na bale bantu benye balikokota mashua, ulibaweka wapi?”

Sikuwa nimewaweka popote. Reli iliishia Fungurume. Kutoka pale Mimi na Toutou zilivutwa nchi kavu kuvuka milima ya Mitumba, kwa mashine za mvuke na ng'ombe, na kwa watu wetu waliokata njia na kujenga madaraja, mpaka Sankisia. Kisha reli hadi Bukama, kisha Lualaba, kisha reli tena kutoka Kabalo. Sheria nilizonazo zinaanza boti zikiwa tayari majini.

Tumekata katoni nyingine, ndefu, ya ile njia. Mwenye Mimi anaanzia Fungurume, ana watu wa kulisha na mashine zinazotaka maji, na asipofika ziwani kabla ya zamu ya kumi na mbili, Kingani inatawala bila kupiga risasi. Mara mbili sasa mdogo wangu amekwama milimani. Anasema nimempa ng'ombe wachache.