Umepata mchongo wa kazi Oman au Dubai? Kagua haya kabla ya kupanda ndege

Vijiweni Bagamoyo, hela ikikauka, stori za kwenda Uarabuni hazikosekani. Vijana wamesubiri sana. Bandari mpya ya Mbegani, iliyofikiwa makubaliano ya awali na kampuni ya China mwaka 2013, ilitegemewa kuleta ajira, lakini mwaka 2019 serikali iliikataa kwa sababu ya masharti yake. Mwaka uliofuata corona ikapiga utalii: watalii kutoka nje walioingia Tanzania walishuka kutoka takriban milioni 1.5 hadi 620,000.

Kwa hiyo mtu akija na mchongo wa Muscat au Dubai, wengi huuliza mshahara tu. Ila la kuuliza kwanza ni viza.

Kwa nini viza?
Viza ya matembezi haikupi haki ya kufanya kazi. Mwajiri asipokulipa, utadai vipi wakati kisheria wewe ni mgeni tu?

Hata viza ya kazi ina mtego wake, unaoitwa kafala. Katika mfumo huu wa nchi za Ghuba, kibali chako cha kukaa kinategemea mwajiri wako. Ukiondoka bila ridhaa yake, anaweza kuripoti kuwa umetoroka.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuwahoji wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walisema walinyang'anywa pasipoti. Wengi walifanya kazi saa nyingi bila mapumziko, na wapo ambao hawakulipwa mshahara wote.

Kagua haya
- Wakala: Kisheria lazima awe amesajiliwa. Ulizia ofisi ya kazi au TaESA, inayoshughulikia huduma za ajira serikalini.
- Mkataba: Usome ukiwa bado nyumbani, kwa lugha unayoielewa. Angalia mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko na nani analipa tiketi ya kurudi.
- Pasipoti: Iombe mwenyewe Uhamiaji. Ipige picha, umwachie ndugu pamoja na nakala ya mkataba.
- Ubalozi: Tanzania ina ubalozi Muscat na Abu Dhabi. Kariri namba, maana simu inaweza kuchukuliwa.

Ukiambiwa mkataba utauona ukishafika, usisafiri.