Mto Hupanda Toka Chini

Chini ya kila mlango wa gari, ukingoni kabisa, kuna matundu madogo. Kazi yake ni kutoa maji ya mvua yanayopenya kwenye mpira wa kioo na kuteremka ndani ya mlango. Nimepanda magari maisha yangu yote bila kuyajua. Niliyajulia kijijini Hewani, nilipomkuta fundi mmoja mzee amelala chali kando ya Probox nyeupe, mkononi ana spoki ya baiskeli iliyonolewa ncha, anayachokonoa moja baada ya jingine kwa subira ya mama anayesafisha sikio la mtoto.

Hayakutoka maji. Lilitoka tope la Mto Tana lililokauka, vipande vigumu vyenye vumbi la kutu.

Nilikuwa nimekwenda na swali jingine: gari la kampuni gani hudumu zaidi huku kwenye delta ya Tana? Liulize swali hilo katika kibanda chochote cha chai Garsen, utapata majibu kumi na ugomvi mmoja. Wazee watakutajia Peugeot 504, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Vijana watasema Toyota, basi. Fundi yule mzee hakulikataa swali. Alilishika kwa upande wa chini.

Aliyeunda gari, anasema, alifikiria mvua, na mvua huanguka. "Matundu haya yamewekwa ya kutokea, mwanangu. Mto ukija, ndiyo ya kuingilia." Maji ya mafuriko yanapopungua, huacha tope kwenye mkunjo wa bati, ndani ya milango na ndani ya zile kingo za chini unazokanyaga ukipanda. Tope hushika unyevu hata jua la Garsen likiwaka. Kutu huanzia ndani. Siku inapochomoza nje kama kivimbe kidogo chini ya rangi, bati limekwisha kuliwa, na mwenye gari analalamika kwamba bati la siku hizi ni karatasi.

Kwa hiyo kwake sifa ya gari haianzii kwenye injini. Anatazama matundu yako mangapi, na kama yapo mahali maji yanapotuama kweli au pembeni kidogo. Anatazama vizibo vya mpira vya sakafuni: vinang'oka kwa mkono, au vimegandishwa? Anautoa ubao wa ndani wa mlango na kuona kama vishikizo vyake vitarudi mahali pake au vitavunjika vyote. Probox inamfurahisha hapo. Toyota iliitoa mwaka 2002 kama gari la kazi la makampuni ya Japani, na gari la kazi hufunguliwa mara nyingi. Injini yake ya lita moja na nusu tuliyoizoea inazungushwa kwa mnyororo, si ule mkanda wa mpira wa kubadilishwa kila baada ya muda. Lakini bati lake ni jepesi, na hilo mzee halifichi.

Land Rover za zamani anazisema kwa mapenzi yaliyochoka. Bodi ilikuwa ya alumini, kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, basi haishiki kutu. Chesi ni ya chuma. Na pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, huoza ikawa unga mweupe. Amekutana na bodi nzima iliyokalia chesi inayomeguka kwa bisibisi.

Nilimweleza kwamba nje kuna watu wanaoyapima haya kwa hesabu. Utafiti unaojulikana sana Marekani, wa J.D. Power, huwauliza wenye magari ya miaka mitatu. Alicheka mpaka akakaa. Sheria ya Kenya inaruhusu gari lililotumika liingie nchini mradi halijapita miaka 8, na mengi hushuka Mombasa yakiwa yamekaribia mpaka huo. Vipimo vya wenzetu vimekwisha kabla umri wa gari letu haujaanza. Wajerumani, kwa ripoti yao ya ukaguzi ya TÜV, wanafuatilia magari hadi kupita miaka kumi, ila barabara zao si hizi, na Probox haimo.

Na kuna jambo linalomsumbua asilolipatia jibu. Probox mbili za mwaka mmoja, za rangi moja, moja inaoza sakafu na nyingine haina doa. Huenda ya kwanza ilitoka kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Nani atamwambia?

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalimpa kazi ambayo hadi leo inaendelea kuja. Difu iliyotoka safari ndefu huwa ya moto; izamishe ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani itasinyaa na kuvuta maji kupitia sili au kile kipumuo cha juu. Oili hugeuka nyeupe. Gari haligomi siku hiyo. Litakwenda Malindi na kurudi miezi kadhaa, mpaka beringi zianze kulia, na hapo lawama zinapelekwa Japani. Ukimbana ataje gari lililo bora, atakuambia ni lile lililofunguliwa milango na kumwagwa oili wiki ileile maji yalipopungua. Mimi bado nadhani kampuni nayo ina neno lake. Yeye hakubali wala hakatai. Anasema tu kwamba asiloweza kulipatia spea Mombasa halijui, kwa hiyo halisemi.

Probox ile nyeupe ilikuwa inatengenezwa iuzwe. Kingo zilikuwa zimechomelewa mabati mapya, zimepigwa fila na kusuguliwa, zinangoja rangi. Logibuku ya gari inataja mwaka, rangi, namba ya injini na jina la mwenye gari. Nilimuuliza mzee kama mnunuzi ataambiwa habari za maji.

"Mimi nimeitwa kutengeneza," alisema. "Hilo kamuulize mwenye gari."

Mwenye gari alikuwa amesimama hapo hapo, akiongea kwa simu na mtu wa Malindi kuhusu bei.